Nesta Hana Neno

Jumatatu, 5 Mei. Sikukuu. Jua la kudanganya asubuhi, mvua saa nane.

Daftari hili nililinunua la kuandikia mapishi. Leo limebadilishwa kazi, maana nisipoandika mahali nitamsema mtu vibaya, na mtu mwenyewe ni mume wangu.

Clifford alistaafu Februari, baada ya kuendesha basi miaka thelathini na minane. Tangu hapo ametengeneza kila kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Leo mezani, nyama ya kuoka iko mdomoni, akasema, "Muriel, nimefikiri. Tujenge chumba cha vioo. Pale uani."

Nikasema, "Sina neno."

Sasa hapa kwetu mtu akikuambia sina neno, mtazame mdomo. Ukiona umebana, ujue ana maneno gunia zima na kamba ya kufungia. Clifford hakunitazama mdomo. Alikuwa anatazama mchuzi.

Nguo nilikuwa nimeanika tangu saa mbili, na Nesta naye upande wake, kama kila Jumatatu kwa miaka ishirini na tisa, iwe sikukuu isiwe. Jiko langu linatazamana na jiko lake. Katikati ni ua wangu, ukuta mfupi wa kufika kiunoni, na ua wake. Tunaanika, tunasengenya, mvua ikija tunaanua. Nyumbani kwa kila mmoja hatuingii sana. Lakini juu ya ukuta ule tumezika wazazi wanne, tumeozesha mabinti watatu, na tumemmaliza kabisa yule mke wa kasisi aliyekuwa akipaka rangi nywele.

Na kuna jambo jingine. Tangu mumewe Idris afe, miaka minne sasa, kila asubuhi saa moja Nesta hupandisha pazia la dirisha la jikoni kwake. Mimi niko kwenye sinki. Pazia likipanda, nami nawasha birika. Jambo hili hatujawahi kulizungumza hata siku moja. Lakini ikifika saa moja na robo halijapanda, mimi huwa nimeshavaa koti.

Jumanne, 6 Mei. Mvua.

Clifford amepima ua. Amepima tena. Amempima na paka.

Alhamisi, 8 Mei. Manyunyu.

Ramani imechorwa nyuma ya karatasi ya ukutani iliyobaki tulipopamba chumba cha wageni. Ina maua upande mmoja na majivuno upande wa pili. Chumba kinajaza ua wote mpaka ukuta wa Nesta.

"Na kamba yangu ya nguo?"

"Itahamia nyuma, karibu na banda."

"Karibu na mapipa ya taka."

"Hewa ni ileile, Muriel."

"Sina neno," nikasema. Ni ya pili wiki hii.

Jumamosi, 10 Mei. Mawingu.

Tumekwenda kumwambia Nesta. Nilioka keki ya limau, kama inavyopaswa mtu anapopeleka habari ambayo haina uhakika wa kupokewa. Clifford alivaa tai. Nikamwambia hatuendi kuposa.

Nesta Prosser ni mtu wa Wales, mfupi, mikono yake haikai. Alitukalisha, akatukatia keki yetu wenyewe. Clifford akafungua karatasi yake ya maua sebuleni, akaeleza dakika ishirini. Vioo juu, vioo mbele, nyanya zitaota hata Januari. Nesta anaitikia tu, "Enhe. Enhe. Kumbe."

Clifford alipomaliza akauliza, "Basi, jirani, unaonaje?"

"Ni nyumba yenu, Clifford. Mimi sina neno kabisa."

Sina neno *kabisa*. Niliisikia mpaka kwenye goti. Hapa kwetu mtu akiongeza kabisa, hapo ndipo moto unapowaka chini ya chungu.

"Una hakika, Nesta?" nikauliza.

"Jamani, Muriel, kwani mimi nani? Keki nzuri sana hii."

Njiani (hatua kumi na mbili) Clifford akasema, "Umeona? Amefurahi." Nilimtazama mtu huyu ambaye nimelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na moja, nikashangaa alivyoweza kuliendesha basi bila kuua mtu.

Jumatatu, 12 Mei. Upepo mzuri wa nguo.

Tumeanika wote. Nesta alizungumza juu ya upepo. Nami nikazungumza juu ya upepo. Upepo ulizungumzwa mpaka ukaona haya.

Jumatatu, 19 Mei. Jua.

Kamba ya Nesta tupu. Pazia lilipanda saa moja kamili, kwa hiyo ni mzima. Jua kali, upepo wa kusini, Jumatatu, na kamba ni tupu.

Jumanne, 20 Mei. Jua.

Ameanika leo.

JUMANNE.

Nimemwambia Clifford. Akasema labda alikuwa na shughuli jana. Ana shughuli gani? Mtu hana mume, hana mbwa, na kwaya yao ni Alhamisi. Miaka ishirini na tisa! Alianika Jumatatu hata wiki aliyomzika Idris, mashati yake yote kumi na moja, kwa mara ya mwisho, na mimi nilimshikia vibanio.

"Mwulize basi," akasema Clifford.

Nimwulize! Nitaanzia wapi? "Nesta, mbona umefua Jumanne?" Ni sawa na kumuuliza mtu kwa nini amelia.

Jumatano, 28 Mei. Mvua ya mawe, kisha jua, kisha mvua.

Fundi amekuja. Anaitwa Bwana Duckworth, ana mgongo mpana na redio. Alisimama uani, akatazama chini, akatazama juu, akavuta pumzi kupitia meno, *ssssss*, kama mtu aliyeona ajali.

"Nani aliwajengea nyumba hii, mama?"

"Sijui. Ni ya mwaka elfu moja mia tisa na sita."

"Ssssss," akasema. "Ndiyo maana."

Anataka chai ya maziwa na sukari nne. Nikadhani nimesikia vibaya. Nne.

Kisha akamuuliza Clifford vipimo. Clifford anapima kwa futi na inchi, fundi anapima kwa mita. Wakasimama na karatasi ya maua nusu saa, kila mmoja anamwelewa mwenziwe kwa adabu, na hakuna aliyeelewa kitu. Mwishowe fundi akachukua kamba akaitandika chini, akaweka jiwe, akasema, "Mpaka hapa?" Clifford akasema, "Mpaka hapo." Laiti wangeanza hivyo.

Jambo moja sikulipenda. Fundi alisema upande wa jirani hauwekwi kioo, unajengwa matofali matupu hadi juu. "Ni heshima, mama. Ninyi hamtaki kumwona, yeye hataki kuwaona."

Clifford akasema, "Sawasawa."

Na mimi? Nilikuwa na trei mkononi. Nikasema, "Biskuti, Bwana Duckworth?"

Jumatatu, 2 Juni. Mvua.

Shimo la msingi limechimbwa Ijumaa. Leo lina maji. Bata wawili wameshuka. Clifford anasema watakwenda wenyewe. Kamba ya Nesta tupu, lakini na yangu tupu, kwa hiyo leo hakuna aliyemshinda mwenziwe.

Jumanne, 3 Juni. Mvua.

Bata.

Ijumaa, 6 Juni. Mvua.

Bata. Fundi hayupo. Mkewe amepiga simu kusema goti lake limemsumbua. Goti la mke, si la fundi. Sikujua goti la mtu linaweza kusimamisha kazi ya mtu mwingine.

Alhamisi, 12 Juni. Kumekauka.

Sahani yangu ya keki imerudishwa. Si kwa mkono. Niliikuta mlangoni imeoshwa, imefutwa, imefungwa kwa kitambaa, na kikaratasi: *Ahsante.* Na nukta.

Nimeikalia ile nukta asubuhi nzima. Zamani angeandika "Ahsante shoga, uwongo mtupu eti umeweka malimau mawili, umeweka moja." Sasa ni neno moja na nukta. Hata mtu wa benki nimewahi kumpelekea barua yenye mapenzi kuliko hiyo.

Nikamwambia Clifford, "Nesta amekasirika."

"Amesema?"

"Ameweka nukta."

Akanitazama, akarudi kwenye gazeti. Nilitaka kumpiga na ile sahani, ila ni ya mama yangu.

Jumatatu, 16 Juni. Jua.

Matofali yameanza upande wa Nesta. Bwana Duckworth ana mkono mzuri, lazima nikiri, anapanga kama mtu anayegawa karata. Vikombe vya chai leo: saba. Sukari: fanya hesabu mwenyewe.

Nimeanika nyuma karibu na mapipa. Mashuka yananuka samaki wa Ijumaa.

Jumatano, 18 Juni. Jua.

Saa moja asubuhi nilisimama kwenye sinki kama kawaida. Nikanyanyua kichwa. Matofali.

Nilinyanyuka kwa vidole vya miguu. Matofali. Nikapanda kigoda cha kufikia kabati la juu, nikaona ncha ya paa lake na njiwa mmoja.

Sijui kama pazia limepanda. Nilisimama pale mpaka saa moja na nusu na birika tupu mkononi. Nilivyo mpumbavu! Wiki sita natazama ramani, nahesabu vikombe, nahesabu bata, na sikuwahi hata mara moja kuwaza kwamba ukuta ule unasimama kati ya jicho langu na dirisha lake. Yeye alihisi siku ileile, keki ikiwa mkononi, kwamba kitu kitasimama kati yetu. Ndiyo ile "kabisa".

Mwishowe nilisikia mlango wake ukifungwa. Ndipo nikawasha birika.

Sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Mimi ndiye niliyejenga. Na yeye hana neno.

Jumatatu, 23 Juni. Joto.

Kila asubuhi sasa navaa koti la kulalia, natoka mlango wa mbele kana kwamba nachukua maziwa, nachungulia kama mapazia yake ya mbele yamefunguliwa. Muuza maziwa aliacha kuja mwaka wa tisini na nane. Jirani wa ng'ambo, mzee Hargreaves, ameanza kunipungia mkono. Atakuwa anadhani ni kwa ajili yake.

Jumanne, 1 Julai.

Naandika saa tatu usiku. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi ilikuwa njema. Nilitoka kwa maziwa yangu ya uwongo, mapazia ya mbele ya Nesta yalikuwa wazi, nikaridhika. (Kumbe huwa hayafungi siku za joto. Ningejuaje?) Saa mbili fundi akaja, akafungua redio. Nikapeleka chai. Tukakaa uani juu ya mifuko ya saruji, mimi, Clifford na Bwana Duckworth, tukala biskuti za tangawizi. Fundi akatusimulia goti la mkewe tangu lilipoanza, na daktari alivyosema, na daktari wa pili alivyosema kuhusu daktari wa kwanza. Ikanyweka chai ya pili. Nikaleta ya tatu.

Saa tano kasoro robo redio ikaisha betri.

Kukawa kimya. Na katika kile kimya, nyuma ya ukuta, sauti ndogo ikasema:

"Samahani."

Fundi akamtazama Clifford. "Umesema?"

"Mimi sikusema."

"Samahani," ikasema tena. "Msinyanyuke, malizeni chai yenu kwanza."

Mungu wangu. Nilitupa kikombe. Lango la Nesta huwa na komeo kwa ndani, kwa hiyo nilikimbilia nyuma kwenye mapipa, ambako ukuta mfupi umebaki. Clifford anaita, "Ngoja nilete ngazi!" Ngazi gani! Nilipanda pipa la taka kwa miaka yangu sitini na saba, sketi ikachanika hadi pindo la juu, nikaangukia kwa Nesta kwa makalio.

Alikuwa amekaa katikati ya kabichi zake, mgongo umeegemea ukuta wetu, mguu mmoja umekunjika vibaya, kifundo kimevimba. Kando yake ndoo imepinduka. Alikuwa amejifunika mapaja kwa taulo la mezani alilolivuta kutoka kwenye kamba, kwa adabu.

"Nesta! Tangu saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, hivi."

"Muda wa saa tatu na zaidi! Kwa nini hukupiga kelele?"

"Niliita. Nilisema samahani. Mara mbili."

"Umevunjika mguu ukasema samahani!"

"Mlikuwa mnakunywa chai, Muriel. Nikasema wakimaliza nitaita. Halafu bwana yule akaanza habari za goti la mkewe, nikaona si vizuri kumkatiza, mwanamke yule ameteseka. Halafu mkaleta ya pili." Uso wake ulikuwa mweupe kama saruji. "Anatia sukari nne. Nimesikiliza kijiko. Atakufa yule."

Nilikaa chini kwenye kabichi nikamshika mkono. Clifford akiwa juu ya ngazi ng'ambo alipiga simu ya gari la wagonjwa, akawa anatuarifu kila dakika kwamba linakuja.

"Ulikuwa unafanya nini juu ya ndoo?" nikamuuliza.

Akalivuta taulo vizuri juu ya mapaja.

"Nesta. Ndoo ya nini?"

Akatazama kabichi. Kidevu chake kikaanza kutetemeka, na mimi sijawahi kumwona Nesta akitetemeka kidevu, hata kanisani siku ya kumzika Idris.

"Sasa mimi nitajuaje kama umeamka?" akasema.

"Mimi?"

"Zamani nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nakungoja. Ukija kwenye sinki, ndipo nalipandisha. Siku nyingine unachelewa, nami nangoja tu. Tangu ukuta upande sijui kama umeamka au umekufa. Leo nikasema nipande nichungulie kidogo tu, nione taa."

Miaka minne mimi nilidhani namchunga yeye.

Nililia. Naandika bila haya, nililia kwenye kabichi za watu na sketi imechanika, fundi akichungulia kwa juu na kusema, "Chai, mama? Nitengeneze mimi?"

"Kwa nini hukusema, Nesta? Tulikuja kukuuliza! Nilikuletea keki!"

"Ndiyo," akasema. "Mtu atakataaje na keki ya mwenziwe iko mdomoni?"

Jumatano, 2 Julai. Sikutazama hali ya hewa.

Kifundo kimevunjika. Kimetiwa plasta. Wiki sita. Nesta amewaomba radhi manesi wote kwa kuwasumbua, na mlango wa lifti uliomgonga ameuomba radhi pia.

Usiku nilimwambia Clifford, "Chumba chako kile nakichukia."

Akaweka uma chini. "Changu?"

"Cha nani? Cha bata?"

"Muriel, mimi nimekijenga kwa ajili yako."

Nikamwambia aliseme tena, taratibu, kama ananielekeza kituo.

"Krismasi ile tulipokwenda kwa kaka yangu Wilf," akasema. "Ulikaa katika chumba chao cha vioo ukamwambia mkewe Doreen, 'Chumba chako kizuri, mwenzangu, raha iliyoje.' Nikasema nikistaafu nitamjengea. Mimi mwenyewe sikipendi. Kwa Wilf nilitoka jasho mpaka soksi."

"Ningemwambia nini Doreen? Nilikuwa nakula keki yake!"

"Lakini nilikuuliza, Muriel. Nilikuuliza hapa hapa mezani. Ulisema huna neno."

Tukatazamana. Mtu huyu kwa miezi miwili amepima, amechora, amevaa tai, amesimama kwenye mvua na bata, yote kwa sababu ya uwongo wangu wa Krismasi. Nami kutwa namsema kwenye daftari. Nikainuka nikamwongezea mchuzi. Sikuwa na njia nyingine ya kumwomba radhi saa ile, naye alielewa, maana aliula wote.

Alhamisi, 3 Julai. Mawingu.

Nimekwenda hospitali mikono mitupu. Sikubeba keki, wala zabibu, wala jarida. Nikakaa kwenye kiti, mkoba magotini.

"Nimekuja bila kitu," nikamwambia. "Makusudi. Sasa sema."

"Niseme nini, Muriel? Mimi sina…"

"Nesta."

Akashika ncha ya shuka, akaikunja, akaikunjua. Mwanamke wa kitanda cha pili aliacha kutafuna ili asikie.

"Sipendi," akasema.

"Enhe."

"Sipendi ukuta wenu. Ni mbaya. Umenichukulia jua la asubuhi, kabichi zimesinyaa, na umenifungia nje kama paka." Akavuta pumzi. "Na nilihamia Jumanne ili uniulize kwa nini, wewe usiulize. Nikasema labda amenichoka. Miaka ishirini na tisa, Muriel, na hukuuliza."

Iliniuma, na niliuacha moyo uumie. Nikamwambia ni kweli, na anisamehe. Akasema basi, yameisha. Kisha akaona haya na kuuliza kama njiani kulikuwa na foleni.

Ijumaa, 4 Julai. Jua.

"Bwana Duckworth," nikasema, "vunja ukuta ule."

Ssssss. Ilikuwa ndefu kuliko zote.

"Mama, ukuta ule ndio umeshika paa."

"Basi usiuvunje wote. Toboa. Hapa." Nikamwonyesha kwa chaki, kuanzia kiunoni mpaka juu ya kichwa changu, upana wa mikono miwili. "Mimi nimegawa chakula shuleni miaka ishirini na sita. Nataka kidirisha cha kugawia. Kioo kinachopanda juu, na ubao wa kuegemeza sahani, huku na huku."

"Upande wa jirani? Watu watasemaje? Mtakuwa mnaonana!"

"Ndiyo kazi ya macho, Bwana Duckworth."

Akamtazama Clifford apate msaada wa mwanamume mwenziwe. Clifford akachukua kalamu, akatandaza karatasi ya maua, akauliza, "Kwa mita ni ngapi hiyo?"

Jumatatu, 14 Julai. Joto.

Nesta karudi, na magongo. Nimemfulia mimi. Nguo zake na zangu zote kwenye kamba ya mapipa. Samahani kwa mashuka yake.

Jumatatu, 28 Julai. Mvua.

Kidirisha kimetiwa. Siku ya kwanza kilikwama. Fundi akakipiga ngumi, kikafunguka, Nesta akapiga makofi kutoka kwenye kiti chake. Bwana Duckworth aliinamisha kichwa kama mwimbaji. Tumemshusha hadi sukari tatu. Hajui.

Jumatano, 6 Agosti. Jua kali.

Chumba kimekwisha. Clifford amekaa ndani yake na fulana tangu saa sita, mwekundu kama nyanya ambazo bado hazijaota.

"Kukoje?" nikauliza.

"Kuna hewa nzuri."

Nikamtazama mdomo. Umebana.

"Clifford."

"Nakufa, Muriel," akasema. Nikamfungulia mlango.

Jumatatu, 18 Agosti. Jua, mawingu, basi.

Plasta ya Nesta imetolewa. Mguu umekuwa mwembamba na mweupe, anasema unafanana na wa mama mkwe wake. Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye sinki. Natazama kupitia chumba cha vioo, kupitia kidirisha, hadi jikoni kwake. Pazia lilikuwa chini. Nikajua yuko nyuma yake, anangoja. Nikapunga mkono. Likapanda.

Jumatatu, 25 Agosti. Sikukuu, kwa hiyo mvua.

Mvua tangu alfajiri, ile ya kulala upande, mabomba yanafurika, bata wale wawili wamepita kutazama kama shimo lao lipo. Kwa miaka ishirini na tisa Jumatatu kama hii ingekuwa siku iliyopotea. Lakini ndani ya chumba cha vioo Clifford amefunga kamba nne, kutoka ukuta hadi ukuta, kwa urefu wa futi aliouita mita. Kumbe joto lile lote lilikuwa linangoja kazi.

Saa mbili kidirisha kikagongwa. Nikakipandisha. Beseni la nguo mbichi likaingia kwanza, kisha uso wa Nesta chini ya kofia ya mvua. Nikaanika zake upande wa kulia, zangu upande wa kushoto, soksi za Clifford katikati kama mpaka. Nikampitishia kikombe cha chai juu ya ubao. Alisimama kwake chini ya mwavuli, mimi kwangu chini ya mashuka yanayotoa mvuke, na tukamaliza habari za mke wa kasisi tulipokuwa tumeziachia mwezi Mei.

Kisha akaegemea ubao. Akazungusha kikombe. Akakitazama ndani.

"Muriel," akasema. "Nina neno."

Nikashusha kibanio. Nikamwambia, "Sema, shoga yangu. Sema lote."

"Chai yako," akasema Nesta Prosser, "ni maji ya kuoshea vyombo. Ni maji ya kuoshea vyombo tangu siku ya kwanza nilipohamia hapa."

Miaka ishirini na tisa! Nimecheka mpaka nikashikilia shuka, naye akacheka mpaka mwavuli ukapinduka, na Clifford akaja mbio kutoka sebuleni akiuliza nani ameumia. Nikamwambia hakuna. Nikachukua kile kikombe, nikamwaga, nikaenda kuwasha birika upya.